Somo la Kutoitikia

Baba yangu aliyajua maswali ya kazi kabla hayajaulizwa, kwa sababu kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiyauliza. Alikuwa karani katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni ya madini pale Kolwezi, na kila aliyetaka kuingia mgodini, karakana au hospitali ya kampuni alipita kwanza mbele ya meza yake. Nyumbani alikuwa vilevile. Ukiomba viatu vipya alikutaka utoe sababu tatu, na ukizitoa alikuuliza viatu vya zamani vilikukosea nini.

Kwa hiyo aliponiambia asubuhi moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, "Ikala hapa, leo njo tunaanza," nilijua nitateseka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilijiona nimesoma, na sikupenda kufundishwa kujibu maswali kama mtoto wa katekisimu. Lakini niliketi. Hatukuwa na njia nyingine.

Kampuni ilikuwa inaanguka. Magari makubwa ya mgodini yalisimama kwa kukosa vipuri, na unga wa poso, ambao mama alikuwa amezoea kuupokea kila mwezi, sasa ulikuja ukitaka. Katikati ya hayo yote wakubwa wa siasa wakatangaza kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na watu wa Kasai warudi kwao. Kwa baba, huko "kwao" kulikuwa kijiji alichokiona mara mbili maishani, mara zote mbili kwenye msiba. Babu ndiye aliyeletwa kwa treni akiwa kijana kuja kuchimba shaba. Baba alizaliwa Kolwezi, nami nilizaliwa Kolwezi. Ila kwetu asili ya mtu si pale alipozaliwa. Ni kijiji cha babu yake mzaa baba, na ndicho kinachoandikwa kwenye kitambulisho, hata kama hujawahi kunywa maji yake.

Baba alifukuzwa kazi kwa karatasi yenye mistari miwili. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kampuni, na nyumba ya kampuni inakwenda na kazi. Kama hakuna mtu ndani mwenye namba ya kazi, mwisho wa mwezi mnatoka. Mama, mimi na wadogo zangu watatu tungekaa wapi, hakuna aliyejua. Ndipo likatoka tangazo: hospitali ya kampuni inatafuta karani wa kupiga mashine ya kuandika. Mimi nilikuwa nimejifunza mashine kwa masista, na vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Nafasi ile ilikuwa wazi kwa sababu mama mmoja wa Kasai aliyeishika alikuwa ameondoshwa wiki tatu kabla. Nilimfahamu. Kanisani alikuwa akikaa mbele yetu, na mtoto wake mgongoni alikuwa akinivuta kitambaa cha kichwa. Nilijua nagombea kiti chake, na nilikitaka.

Mama yangu yeye ni mtu wa Mutshatsha, humuhumu Katanga, Mlunda. Kwao mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Kwa watu wa baba mtoto ni wa baba, basi. Jambo hili lilikuwa utani wa nyumba yetu miaka yote. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa akishuka kwenye treni na gunia la makala, yaani mkaa, na mihogo, na kabla hajaketi anatangaza mlangoni, "Nimekuya kuangalia batoto bangu!" Baba anamjibu, "Batoto ba nani? Bachukue basi, na matumbo yabo ubebe!" Halafu wanacheka, mama anasonga bukari.

Mwaka ule baba ndiye aliyemwita mjomba. Mjomba alifika bila gunia. Baba alimpa kiti, akasimama yeye mwenyewe, akamwambia, "Shemeji, umeshinda. Batoto ni bako." Nilitazama miguu yangu. Baba alikuwa ameshaandika karatasi yangu ya kuombea kazi kwa ule mwandiko wake wa ofisini. Palipotakiwa asili aliandika Mutshatsha. Palipotakiwa mkubwa wa familia aliandika jina la mjomba.

Mjomba aliishika karatasi ile kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo. Baina yao kulikuwa na jambo la zamani, nami lazima nilisimulie hata kama halimpendezeshi baba. Baba alikuwa na tabia moja pale mezani pake. Kijana akiketi, kabla ya swali la kwanza, baba alimsalimia kwa lugha ya Kasai: "Moyo." Aliyetoka kwetu aliitikia, "Eyo," mabega yakamshuka, akaanza kuzungumza vizuri. Asiyetoka kwetu alibaki kumtazama. Baba aliapa daima kwamba ilikuwa heshima tu, namna ya kumpa mtu utulivu. Huenda. Lakini mjomba, kabla baba hajamjua mama, alikuwa amewahi kukaa kwenye kiti kile akitafuta kazi ya karakana. Alisalimiwa, hakuelewa, akababaika mpaka swali la mwisho. Hakupata kazi. Maisha yake yote akachoma makala. Kisa hicho alikisimulia akicheka, ila alikisimulia kila alipokuja.

Siku ile hakukisimulia. Alikunja karatasi, akanirudishia, akasema, "Kama banakuuliza, sema niko baba yako. Mi sitakana." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Tukaanza mazoezi. Kila siku baada ya bukari ya mchana baba alivaa koti, na koti hilo alilivaa kwa ajili yangu tu, maana nje hakuwa akitoka tena. Vijana wa chama cha wale wakubwa wa siasa walipita mitaani wakiimba kwamba sisi ni bilulu, wadudu, kwa hiyo madirisha tuliyafunga. Nilitoka nje ya chumba, nikabisha hodi, nikaingia kama mgeni. Mara kumi za kwanza hakunifikisha hata kwenye kiti. Nimeingia haraka mno. Nimeingia kama ninayemletea chai. Nimeshika ukingo wa meza, na meza ni ya mwenye ofisi. Nikamwambia kwa hasira aniandikie kabisa namna ya kuvuta pumzi. Akasema tutafika huko.

Maswali yalikuwa yaleyale ambayo vijana wa leo wanayasoma kwenye simu zao. Jieleze kwa ufupi. Kwa nini unataka kazi hii? Ubaya wako ni upi? Mkubwa wako akikuelekeza vibaya utafanyaje? Kwa kila moja baba alikuwa na jibu na sababu ya jibu. Usiseme unataka kazi kwa sababu mna shida, kila mtu ana shida. Sema unaujua unyamavu wa hospitali, na mashine yako haitaamsha wagonjwa. Ukiulizwa ubaya wako, taja ubaya wa kweli lakini mdogo. Nikasema, "Nina hasira." Akasema huo si mdogo, tafuta mwingine. Mama alicheka jikoni, na nilifurahi kumsikia, kwa kuwa wiki zile alikuwa amesahau kucheka.

Kulikuwa na swali moja lililotushinda wote wawili. Baada ya miaka mitano unajiona uko wapi? Alilisoma kutoka kichwani, kwa sauti yake ya ofisini. Tulisikia watu wakipita nje. Nikamuuliza nijibu nini. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Sema: hapa hapa," akaniambia. "Usiongeze kitu."

Kwenye asili sikutatizika. "Uko mutoto wa wapi?" "Wa Mutshatsha, tata." "Baba yako anafanya kazi gani?" "Anachoma makala." Nilijibu haraka, hata nikaona haya kwa jinsi nilivyojibu haraka. Baba aliridhika. Ndipo siku ya nne, nilipokuwa nimekwisha kuinuka, nimeaga, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, akasema polepole nyuma yangu:

"Moyo, mamu."

Mamu ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na kwetu aliyepewa jina la mama anaheshimiwa kama mama. Nikageuka. "Eyo, tatu," nikaitikia; tatu kwetu ni baba.

Baba akapiga meza kwa kiganja. "Umekwisha! Banakufukuza leo leo. Na mama yako, na batoto, bote inje!"

Nilikasirika, nikamwambia huo ni uhuni, si swali. Akaniambia ndiyo, ni uhuni, na wanaoketi kwenye ile meza sasa aliwafundisha yeye. Wameona alivyokuwa akisalimia. Wakitaka kumjua mtu wa Kasai hawatauliza asili, kwa kuwa kila mmoja siku hizi ana asili ya mjomba. Watasalimia tu. Alisema hayo akitazama meza, na nilielewa kwamba alikuwa akimfikiria mjomba wangu kwenye kile kiti. Sikumwambia kitu, na mpaka leo najua nilipaswa kumwambia, hata kwa ukali.

Basi ikawa hilo ndilo somo letu kubwa. Mtu aliyelelewa vizuri haachi salamu ianguke chini. Hilo nilipigiwa kofi nikiwa na miaka minne. Sasa nilitakiwa kulisahau. Baba alinisalimia wakati wowote, bila onyo. Nachota maji, "Moyo, mamu." Nachambua majani ya sombe, "Moyo, mamu." Alibisha mlango wa bafu na kunisalimia. Mwanzoni niliitikia kila mara, kisha nikawa najizuia katikati, "E—", naye ananikatia alama. Wadogo zangu walifanya mchezo, waliitikia wao kwa kelele, "Eyooo!", mpaka mama akawafinya. Baadaye nikajua namna ya kufanya: kumtazama usoni kama anayengoja swali lijalo. Macho yasikimbie, shingo isigeuke haraka, midomo ikae. Juma la pili niliweza siku nzima bila kosa. Jioni yake baba alisema, "Vizuri sana." Nilijivuna. Mama aliondoka mezani na sahani yake ikiwa haijaisha.

Siku ya maswali yenyewe mjomba alinisindikiza mpaka mlango wa ofisi na kuketi nje kwenye benchi, kofia magotini, ili aonekane. Ndani walikuwa wanaume wawili. Mmoja sikumjua. Mwingine alikuwa kijana wa baba wa ofisini, aliyekuwa akija kwetu Jumapili na kula kuku wetu. Alinitazama mara moja, kisha akatazama karatasi, na hakuinua macho tena kwa muda mrefu.

Maswali yalikuja kwa mpangilio wa baba, hata vituo vyake vya kupumua vilikuwa vya baba. Nilijieleza kwa ufupi. Niliwaambia kuhusu unyamavu wa hospitali. Nilisema ubaya wangu ni kuuliza mara mbili kitu nilichokwisha kuelewa. Asili, Mutshatsha. Baba, mchoma makala, yuko nje kwenye benchi. Yule nisiyemjua akauliza baada ya miaka mitano nitakuwa wapi. "Hapa hapa," nikasema, akacheka, akasema mimi ni mtu pekee mjini mwenye uhakika huo.

Wakati wote huo nilikuwa nangoja salamu. Mgongo uliniuma kwa kungoja. Niliinuka, sikushika ukingo wa meza, niliaga, nikaweka mkono kwenye kitasa, nikahesabu hatua. Hakuna aliyenisalimia. Yule kijana wa baba alisema tu, kwa Kiswahili, "Utapata jibu juma hili, mama," akagonga muhuri kwenye karatasi nyingine. Mpaka leo sijui kama alinihurumia au alichoka. Nilipotoka nilitaka kucheka, na pia nilihisi nimedanganywa, kama mtu aliyebeba mwavuli siku nzima bila mvua.

Siku nne baadaye jibu lilifika: nimepata kazi, na nyumba inabaki kwa jina langu. Lakini katika siku hizo nne baba alikuwa ameondoka. Vijana walikuja mtaani nyumba kwa nyumba, na yeye hakungoja wafike kwetu. Alichukua sanduku moja na koti lile, akaenda mwenyewe kituo cha treni, ambako watu wa Kasai walikuwa wamelala chini kwa maelfu wakingoja mabehewa. Alimwambia mama kwamba akikutwa ndani, jibu langu zuri litakuwa kazi bure.

Nilikwenda kumwambia. Mama alikaanga mikate, akanijazia beseni, nikajifanya muuza mikate. Wauzaji waliruhusiwa kupita. Mjomba alitembea kando yangu. Langoni kijana mmoja mwenye fimbo akaniuliza, "We uko muntu wa wapi?" Nikasema Mutshatsha. Mjomba akasema, "Ule njo mutoto wangu," na tukapita, lakini yule kijana na wenzake wawili wakatufuata polepole, labda kwa ajili ya mikate, labda kwa ajili yangu.

Baba alikuwa ameketi juu ya sanduku karibu na ukuta, katikati ya mama mmoja mzee na watoto waliolala. Siku hizo chache zilikuwa zimemzeesha. Ndevu zilikuwa zimeota nyeupe, kitu ambacho sikujua, kwa sababu alinyoa kila asubuhi. Aliponiona alisimama. Uso wake wote ulifunguka, akanyoosha mikono, na akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Moyo, mamu!"

Nilimtazama kama anayengoja swali lijalo. Macho hayakukimbia, midomo ilikaa. Nyuma yangu nilisikia fimbo ikigusa chini. Sikuwa nafikiria nyumba, wala wadogo zangu, wala kazi. Niliogopa tu, na nilitamani aketi, anyamaze, asinijue. Hivyo ndivyo nilivyotamani.

Salamu ile ilikaa hewani mpaka yule mama mzee, ambaye sikuwahi kumwona kabla wala baadaye, akainua kichwa na kuiitikia badala yangu. "Eyo, tatu," alisema, kana kwamba ni yeye aliyesalimiwa. Baba akashusha mikono. Akaketi tena juu ya sanduku.

"Mikate njo hii, tata," nikasema, kama anavyoitwa mzee yeyote. Nilimwekea sita kwenye kitambaa. Nikiwa nimeinama nilimwambia kwa sauti ya kawaida, kama muuzaji anayepiga soga, "Kesho sitakuya. Naanza kazi." Akasema, "Muzuri." Wale vijana walichukua mikate yao bila kuniuliza kitu, na mjomba akanishika kiwiko tukatoka. Tulipofika nyumbani aliketi nyuma ya nyumba peke yake, na mama alipompelekea chakula alikikataa.

Behewa la baba liliondoka juma lililofuata. Nilisikia filimbi nikiwa hospitalini, mbele ya mashine ya yule mama wa kanisani, nikipiga orodha ya dawa ambazo hazikuwapo.

Barua yake ya kwanza ilichukua miezi mingi kufika, mikononi mwa mfanyabiashara. Aliandika kwamba amefika, kwamba kijijini wanamwita Mkatanga na wanacheka lafudhi yake, kwamba magoti yanamsumbua. Kisha akaandika hivi: "Pale kituoni nilikujaribu mara ya mwisho, ili nijue kama naweza kuondoka bila wasiwasi. Ulifanya vizuri sana, mamu. Hakuna kijana niliyempa alama kama hizo."

Niliisoma nikiwa nimesimama. Alikuwa akisema uongo. Niliuona uso wake aliposimama. Hakuwa akimjaribu mtu yeyote, alikuwa baba aliyemwona mwanawe na kusahau kila kitu alichomfundisha. Alisingizia mtihani ili nisiishi na kile nilichofanya. Na mimi sikuwa nafanya mtihani pia.

Nilitaka kumwandikia ukweli. Nilianza mara mbili. Mwishowe nilimwandikia barua safi, kwa mashine ya kazini, isiyo na kosa hata moja la herufi. Nilimshukuru kwa mazoezi. Nilimwambia kwamba ni kweli, nilitambua mara moja kwamba ananijaribu, na kwamba nilijikaza ili asinikatie alama. Niliweka sahihi, nikampa mfanyabiashara yuleyule.

Mfanyabiashara alirudi baada ya majira ya mvua na habari kwamba baba amekwisha kuzikwa, na barua yangu mkononi, bado imefungwa.